Mama ana homa leba, mapigo ya mtoto 170: mbona hawampasui?

Pole sana kaka. Unasema chupa ya mkeo ilipasuka tangu jana, sasa ana homa, mapigo ya mtoto yamefika 170, na bado wanamchoma dawa tu badala ya kumpeleka thieta. Mimi ni mkunga hapa Moshi, mwaka wa 14 huu, nakujibu kwa niliyoyaona.

Chupa ikishapasuka, kinga ya mtoto imeondoka. Saa zikizidi, hasa zikipita 18, bakteria wanapanda kutoka ukeni hadi kwenye maji ya uzazi. Mama anashikwa na homa, mtoto naye anachemka humo ndani, moyo unakimbia. Kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Ukimtibu mama, mara nyingi na mtoto anatulia. Maambukizi peke yake si sababu ya kupasua, tena kidonda cha mama mwenye maambukizi ni rahisi kutunga usaha.

Kuna mdada alitufikia kutoka Uru saa 5 usiku, kanga imelowa, maji yananuka. Chupa ilipasuka alfajiri, nyumbani wakamwambia asubiri uchungu ukolee. Inaniuma kila nikikumbuka. Homa 38.9, njia imefunguka sentimita 6. Nikaweka fetoskopu, kile chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto, mkono juu ya tumbo, nikahesabu dakika nzima: 176. Tukamlaza ubavu wa kushoto, dripu, ampisilini gramu 2, gentamaisini, na dawa ya kushusha homa. Kila robo saa narudi kusikiliza. Baada ya saa moja na nusu, 154. Kulipokucha alikuwa ameshajifungua kawaida, na mtoto tukamwanzishia antibiotiki zake.

Kinachonitisha zaidi ni mapigo yanayoshuka uchungu ukiachia, halafu yanachelewa kurudi. Ndiyo maana tunasikiliza hadi uchungu upite, huku tumeshika mkono wa mama tusije tukahesabu mapigo yake tukadhani ni ya mtoto. Yakishuka hivyo, dripu ya kuongeza uchungu inafungwa hapo hapo, daktari anaitwa, thieta inaandaliwa.

Kwa hiyo nenda kwa nesi, muulize kwa upole: dawa imeanza saa ngapi, mapigo sasa ni mangapi, yanashuka uchungu ukipita? Na mtajie saa kamili chupa ilipopasuka, asikisie. Kisha rudi uandike hapa, niko zamu hadi asubuhi.