Maswali ya Wasomaji: Je, Ndege ya Kujaza Mafuta Imepotea Kweli?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Tangu juzi, katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, imezagaa habari kwamba ndege ya jeshi la Marekani, ile inayozijazia mafuta ndege nyingine zikiwa angani, imepotea juu ya Ghuba. Kuna picha ya ramani yenye alama ya ndege na tarakimu 7700, na kuna sauti ya mtu anayesema imetunguliwa na wakubwa wanaficha. Mume wangu anapakia mizigo uwanja wa ndege wa Doha, na shemeji zangu wamekwisha kuanza kunipigia simu kunipa pole. Niamini lipi?
Mama wa watoto watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa wasiwasi huo. Naanza na habari ya mumeo. Katika yote uliyonitumia hakuna hata neno moja linalomhusu mtu aliye chini uwanjani, kwa hiyo mpigie yeye mwenyewe kwanza, umsikie sauti, kisha uwapigie shemeji zako.

Picha hiyo nimeitazama kwa muda mrefu. Njia ya ndege imechorwa kwa umbo la yai, mzunguko juu ya mzunguko, halafu mstari unakatika ghafla juu ya maji. Aliyeisambaza amekata ukingo wa juu, pale ambapo simu huonyesha saa, na tarehe haimo popote. Hata tukikubali kwamba picha ni ya kweli, haituambii kama ni ya juzi au ya mwaka juzi.

Umbo la yai ndilo lililowatisha wengi, maana sauti ile inadai kwamba ndege ilikuwa "ikizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa". Kwa ndege ya aina hii, kuzunguka ndiyo kazi yenyewe. KC-135, ambayo Jeshi la Anga la Marekani limekuwa likiitumia tangu mwaka 1957, hupewa eneo lake angani na kulizunguka kwa saa kadhaa ikisubiri ndege zinazohitaji mafuta. Ndege hizo huja chini yake kwa nyuma, na mhudumu mmoja, akiwa amelala kifudifudi kwenye mkia na kuchungulia dirishani, huuelekeza mrija mrefu mpaka uingie kwenye tundu la mafuta la ndege ya chini. Ndege hii inaweza kubeba takriban tani 90 za mafuta, na ikipata hitilafu, rubani anaweza kuendelea kuzunguka ili apunguze uzito kabla ya kutua.

Tarakimu 7700 ni za kweli, na si za kupuuzwa. Rubani huziweka katika transponda, yaani kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada, anapotaka waongoza ndege wajue ana dharura. Lakini dharura ina mlango mpana: injini moja imezimika, moshi umeonekana, au mmoja wa wahudumu ameugua. Tarakimu hizo zinasema kwamba rubani anaomba kupewa kipaumbele, na aliyeziweka, wakati wa kuziweka, bado alikuwa anairusha ndege yake.

Kuhusu mstari uliokatika, programu tunazozitazama kwenye simu hutegemea zaidi vipokezi vidogo vilivyowekwa juu ya mapaa ya nyumba, vingi vikiwa vya watu wanaojitolea tu. Ndege ikiwa juu sana, kipokezi huisikia hata kwa umbali wa takriban kilomita 400. Ikishuka, dunia yenyewe kwa mviringo wake huikinga ishara, na juu ya bahari mara nyingi hakuna kipokezi cha karibu cha kuidaka tena. Tukumbuke pia kwamba rubani wa kijeshi anaweza kuizima transponda kwa amri ya wakubwa wake, na kwamba katika Ghuba mawimbi ya GPS yamekuwa yakivurugwa kiasi cha kuzionyesha ndege na meli mahali zisipokuwapo. Kwa hiyo ndege inaweza kutoweka kwenye ramani huku wahudumu wake wakinywa chai kambini.

Sisemi kwamba ndege hizi hazianguki. Tarehe 3 Mei 2013, KC-135 yenye namba 63-8877 mkiani iliruka kutoka kambi ya Manas, nchini Kirgizia, ikielekea Afghanistan, na dakika chache baadaye ikakatika mkia na kuanguka karibu na kijiji cha Chaldovar. Wote 3 waliokuwamo walikufa. Wanakijiji waliiona, mabaki yakapatikana siku hiyo hiyo, na mwaka uliofuata ripoti ya uchunguzi ikaeleza jinsi ndege ilivyoanza kuyumba huku na huku, na jinsi marubani walivyojaribu kuituliza kwa usukani wa mkia na kumbe wanazidisha myumbo. Ajali ya kweli huacha namba, mahali, saa na majina. Katika sauti uliyonitumia sikusikia hata kimoja kati ya hivyo vinne.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 1963 ndege mbili za kujaza mafuta zilipotea karibu na Bermuda, ikasemwa ziligongana, ilhali mabaki yalionekana sehemu mbili zilizo mbali kabisa. Ndege zilizogongana zinawezaje kuanguka mbali hivyo?
Mwalimu mstaafu, Mombasa

JIBU: Mwalimu, swali lako ni la haki, na nusu ya kwanza ya habari hiyo ni kweli. Tarehe 28 Agosti 1963, KC-135 mbili kutoka kambi ya Homestead, Florida, zikiwa na watu 11, zilianguka katika bahari ya Atlantiki magharibi mwa Bermuda. Jeshi la Anga lilihitimisha kwamba ziligongana. Baadaye ikaenea kwamba kuna eneo la pili la mabaki, takriban kilomita 260 kutoka la kwanza, na hapo ndipo waandishi wa mambo ya ajabu walipopata chakula chao cha miaka mingi.

Majibu yalikuwamo katika ripoti ya uchunguzi. Mkutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Lawrence Kusche, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1975, alionyesha kwamba meli ya waokoaji ilifika katika eneo hilo la pili na kukuta mwani na magogo yaliyojisokota kwenye boya kuukuu. Hapakuwa na ndege hapo. Kinachonihuzunisha ni kwamba boya hilo bado linasimuliwa kuwa ndege, na watu 11 waliokufa hawatajwi hata kwa idadi.

Zipo zilizopotea kweli, na ni vyema tuseme hivyo waziwazi. Tarehe 10 Machi 1956, ndege ya kudondosha mabomu aina ya B-47, iliyotoka Florida kwenda Moroko ikiwa na watu 3, ilishuka mawinguni juu ya Mediterania ili ikutane na ndege ya mafuta. Haikufika kwa mwenzake, na hakuna kipande chake kilichopatikana.

SWALI: Mhariri, nami nimetumiwa picha ya bati jeupe lililookotwa ufukweni, inasemekana ni la hiyo ndege ya Ghuba. Mtu atajuaje?
Kijana wa Chake Chake, Pemba

JIBU: Kijana wangu, jibu lilipita kisiwani kwenu. Mwezi Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kiliokotwa Pemba, na mwezi Septemba wataalamu walithibitisha kwamba kilikuwa cha Boeing 777 ya Malaysia iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Rangi na umbo havikutosha kuwaridhisha. Walitafuta mihuri ya kiwandani, wakakuta tarehe ya Januari 2002, inayolingana na ndege iliyokabidhiwa kwa wenyewe Mei mwaka huo, na namba ambazo mtengenezaji wa kipande alizilinganisha na kumbukumbu zake hadi akaitaja ndege yenyewe.

Bati lililo kwenye picha yako limepigwa upande mmoja tu, ule laini. Mwambie aliyekutumia amwombe mpiga picha aligeuze, apige upande wa ndani, kwenye kingo na penye misumari, kwa karibu kiasi cha maandishi kusomeka.