Re: Aliyepiga ngumi nyingi atangazweje sare?
Ndugu, umeuliza iweje bondia aliyefikisha ngumi nyingi aambulie sare. Kila raundi huhesabiwa peke yake, kwa kawaida 10 kwa 9, hivyo aliyeishinda kwa mbali hupata faida ile ile ya pointi moja anayoipata aliyeponea chupuchupu. Hata hivyo, hilo halitoshi kueleza pambano la Lennox Lewis na Evander Holyfield, New York, Machi 1999: Lewis alifikisha ngumi 348 dhidi ya 130, lakini jaji mmoja alimpa Holyfield 115-113, mwingine akaandika 115-115, na wa tatu pekee akampa Lewis, 116-113. Yule wa kwanza alimpa Holyfield hata raundi ya tano, ambayo alibanwa kwenye kamba akipigwa mfululizo. Hapo, kwa maoni yangu, mfumo hauna lawama.