Mashine pepe haina intaneti: usikimbilie Bridged, na usiiandikie IP kwa mkono

Mkuu, acha hapo hapo ulipo. Umesema Ubuntu uliyoiweka ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) haina intaneti, laptop yenyewe iko Wi-Fi na inafungua kila kitu, na leo usiku unataka kutoa NAT (mashine pepe inatoka nje kwa kupitia laptop), uweke Bridged Adapter (mashine pepe inaingia yenyewe kwenye mtandao wa ruta), halafu uiandikie IP kwa mkono kama ulivyoelekezwa. Umeuliza pia kuhusu SSH, yaani kuingia kwenye mashine hiyo kwa amri kutoka nje yake. Naanza na hiyo IP ya mkono, maana ndiyo itakayokulaza macho.

Kwenye NAT ya VirtualBox mashine pepe hupewa IP 10.0.2.15, lango lake la kutokea nje ni 10.0.2.2 na DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, ni 10.0.2.3. Ruta haijui hata kama mashine hiyo ipo, inaiona laptop tu. Kwa hiyo kama laptop inafungua kurasa, njia ya kutokea nje unayo tayari. Kilichokatika kiko ndani ya Ubuntu, au kwenye DNS, au kwenye tiki moja ya mipangilio. Bridged haikuonyeshi ni kipi kati ya hivyo. Inakuletea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na ukishakuwa na yote mawili hujui tena dalili ipi ni ya upi.

Na Bridged juu ya Wi-Fi ni kichwa kigumu. Kifaa kinachorusha Wi-Fi kinamtambua kila aliyeunganishwa kwa MAC yake (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao), na MAC iliyojisajili ni ya laptop peke yake. Mashine pepe inakuja na ya kwake, inayoanza na 08:00:27, ambayo haijajisajili popote, hivyo pakiti zake zinatupwa. VirtualBox inajaribu kuzunguka hilo kwa kuvisha pakiti MAC ya laptop. Kwa baadhi ya kadi na ruta inakubali, kwa nyingine jibu la DHCP, yaani ruta kugawa IP yenyewe, halirudi kamwe. Mtandao wa ofisi ndio mbaya zaidi, maana baadhi ya swichi zimewekwa zikubali MAC moja kwa kila tundu, na ya pili ikitokea tundu linaweza kufungwa.

Hapo ndipo watu wanapoandika IP kwa mkono. Laptop ina 192.168.1.5, basi mtu anajiambia 192.168.1.10 itafaa, bila kujua kama ruta imeshampa mwingine. Ikiwa ni ya simu ya mtu, vifaa viwili vinaitikia anwani moja, na mawasiliano yanakatika huku na huku kwa zamu. Wapo pia wanaokosea kisanduku, wakaweka 192.168.1.1 kwenye anwani badala ya lango. Hiyo ni anwani ya ruta yenyewe! Vifaa vya nyumba nzima vinaweza kuanza kupeleka pakiti kwenye mashine pepe, intaneti inakufa kwa wote, na lawama inakwenda kwa kampuni ya mtandao.

Hasara kubwa bado haijafika. Mtu akichoka anarudisha NAT akidhani amerudi alipoanzia. Hajarudi. 192.168.1.10 imebaki ndani ya Ubuntu, na lango 192.168.1.1, wakati mtandao wa NAT ni 10.0.2.0/24. Ile NAT iliyohitaji marekebisho madogo sasa haiwezi kufanya kazi kabisa. Anaamua Ubuntu imeharibika, anafuta mashine nzima pamoja na snapshoti (nakala za hali yake zilizohifadhiwa) na kazi yote iliyokuwamo. Chanzo kilikuwa DNS tu.

Ndiyo maana nina hasira na hao wanaojibu kila swali kwa "weka Bridged itakubali". Wamejaribu kwenye kompyuta yenye waya, ikakubali, basi wanaitangaza kama dawa ya kila homa bila hata kumuuliza mtu yuko kwenye waya au Wi-Fi. Wengine wanaongeza "zima faiawali", yaani ukuta wa ulinzi wa laptop. Kwenye NAT, laptop inayaona mawasiliano ya mashine pepe kama ya programu ya VirtualBox yenyewe, yanatoka kama ya kivinjari. Kuzima faiawali ni nadra kusaidia, na laptop inabaki uchi.

Kanuni yangu ni moja na siiachi: hubadilishi mpangilio wowote mpaka ujue ni kipande gani kimekatika. Rudisha NAT, fungua terminali ya Ubuntu, uende kwa mpangilio huu:

ip -br a

Unatafuta enp0s3, neno UP, na 10.0.2.15/24. Ukiona DOWN, zima nadharia zote uangalie mipangilio ya mtandao ya VirtualBox kama Cable Connected ina tiki. Ukiona UP bila anwani ya IPv4, au anwani ya 192.168 iliyoachwa na majaribio, ndani kuna mpangilio mbovu. Angalia pia jina: adapta ya kwanza huwa enp0s3, ya pili enp0s8. Ukihamia adapta ya pili huku faili ya mipangilio ya mtandao inataja enp0s3, hupati kitu. Faili iko /etc/netplan na inatakiwa kusomeka hivi, kwa nafasi, bila tabu hata moja:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s3:
      dhcp4: true

Kisha sudo netplan try. Usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha ya zamani yenyewe. Kama IP uliiandika kupitia dirisha la mipangilio, irudishe IPv4 kwenye Automatic huko huko.

ip route

Lazima uone default via 10.0.2.2. Hakuna mstari huo, hakuna kutoka nje.

curl -I https://1.1.1.1

Ukijibiwa mstari unaoanza na HTTP, intaneti ipo. Ping (amri ya kujaribu kama mashine nyingine inaitika) usiitegemee hapa, kwenye NAT inaweza kufeli wakati TCP, inayobeba kurasa, inapita vizuri.

getent hosts example.com

Namba inapita na jina halipiti? Ni DNS, na kwa maelezo yako nahisi ndipo ulipo, hasa kama laptop ina VPN au huwa unahama Wi-Fi mashine pepe ikiwa imewashwa. Usihariri /etc/resolv.conf, mfumo utaiandika upya. Zima mashine pepe kabisa, halafu kwenye laptop:

VBoxManage modifyvm "jina la mashine" --natdnshostresolver1 on

Iwashe, rudia getent. Majina sasa yatatafutwa kupitia laptop yenyewe. Ikiwa apt (amri ya kusakinisha programu) peke yake inalalamika kwamba Release file is not valid yet, mtandao hauna kosa, ni saa ya mashine pepe iliyobaki nyuma baada ya kulazwa.

SSH nayo haihitaji Bridged. Kwenye Port Forwarding ya NAT weka TCP, mwenyeji (laptop) 127.0.0.1 poti 2222, mgeni (mashine pepe) 10.0.2.15 poti 22, uingie kwa ssh -p 2222 jinalako@127.0.0.1. Hiyo 127.0.0.1 usiiache tupu, la sivyo kila aliye kwenye Wi-Fi hiyo anaweza kugonga mlango wako.

Kabla hujagusa chochote leo usiku, bandika hapa matokeo ya ip -br a, ip route na resolvectl status, yote matatu, bila kukata mistari.