Mwajiri anapokataa kulipia kitanzi kwa sababu ya imani: kwanza uliza bima inabebwa na nani

SWALI: Ndugu Mwanasheria, ninafanya kazi katika kiwanda cha makabati jimboni Iowa, Marekani. Tuko wafanyakazi wapatao 140 na wenye kiwanda ni familia moja ya Kikristo. Hivi karibuni afisa wa rasilimali watu alitugawia karatasi inayosema kwamba kuanzia Januari bima ya afya ya kazini haitalipia kitanzi wala vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kwa kuwa vinapingana na imani ya wamiliki, ila vidonge vya kila siku na sindano vitaendelea kulipiwa. Wenzangu wanasema sheria ya Obama haimruhusu mwajiri kufanya hivyo. Je, ni kweli? Na nikihoji, ninaweza kufukuzwa?

JIBU: Dada msomaji, wenzako wana sehemu tu ya ukweli. Hiyo mnayoiita sheria ya Obama, yaani sheria ya afya ya mwaka 2010, pamoja na mwongozo uliotolewa chini yake Agosti 2011, iliagiza bima nyingi za kazini zilipie njia zote za uzazi wa mpango za wanawake zilizoidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa, bila mwanamke kuchangia chochote anapohudumiwa. Wakati ule njia hizo zilikuwa 20. Makanisa yalisamehewa tangu mwanzo, na mashirika ya kidini yasiyo ya kibiashara yakawekewa utaratibu wa pembeni: shirika linatoa taarifa ya pingamizi lake, kisha kampuni ya bima inawalipia wanawake moja kwa moja bila kugusa fedha za shirika.

Kampuni za biashara hazikupewa nafasi hiyo, na hapo ndipo ilipozuka kesi ambayo ni kana kwamba wamiliki wenu waliisoma. Familia ya Green, wenye maduka ya Hobby Lobby yenye makao Oklahoma City na wafanyakazi wapatao 13,000, pamoja na familia ya Hahn ya dhehebu la Mennonite, wenye kiwanda cha makabati cha Conestoga Wood huko Pennsylvania, hawakupinga uzazi wa mpango wote. Walipinga njia 4 kati ya zile 20, yaani aina mbili za vidonge vya dharura na aina mbili za vitanzi, wakiamini kwamba zinaweza kuliangamiza yai lililokwisha kurutubishwa. Kama Hobby Lobby ingetoa bima isiyo na njia hizo, faini ingekuwa dola 100 kwa siku kwa kila mtu aliyeathirika, jumla inayokaribia dola milioni 475 kwa mwaka.

Tarehe 30 Juni 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4. Wengi husema kwamba uamuzi huo ulitokana na Katiba, na sivyo. Ulitegemea sheria ya Bunge ya mwaka 1993 ya kurejesha uhuru wa dini, ambayo inaizuia serikali kuu kumbebesha mtu mzigo mzito juu ya imani yake isipokuwa ina sababu nzito na haina njia nyingine nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo. Jaji Alito, aliyeandika uamuzi wa wengi, alisema njia nyepesi ilikuwapo tayari, yaani ule utaratibu wa pembeni wa mashirika ya kidini. Mahakama haikupima kama imani ya wamiliki ni sahihi kisayansi. Ilitazama kama ni ya kweli mioyoni mwao. Ninalitaja hili kwa sababu wasomaji wengi hudhani kwamba ushahidi wa kitabibu ungebadilisha matokeo. Desemba 2022 mamlaka ya chakula na dawa ilirekebisha maelezo ya kidonge cha dharura cha Plan B, ikaeleza kwamba hakizuii yai lililorutubishwa kujipandikiza, lakini marekebisho hayo peke yake hayaiondoi hoja ya mwajiri anayeamini vinginevyo. Jaji Ginsburg, aliyeandika maoni ya kupinga, alikumbusha kwamba gharama ya kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mtu anayelipwa kima cha chini, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sentensi iliyomwona mfanyakazi kwa karibu zaidi katika shauri lote.

Baadaye serikali ya Trump ilipanua msamaha kwa kanuni za mwaka 2018, ikaufanya utaratibu wa pembeni kuwa wa hiari, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikakubali kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba serikali ilikuwa na mamlaka ya kutunga kanuni hizo. Mashauri hayakuishia hapo. Agosti 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania alizibatilisha, kwa hiyo uthibitishe hali ya sasa kabla ya kuchukua hatua yoyote. Hata hivyo, zikisimama au zikianguka, uamuzi wa 2014 unabaki kumlinda mwajiri kama wenu, yaani kampuni inayomilikiwa na watu wachache. Kinachobadilika ni kama wewe utapata huduma hiyo kupitia kampuni ya bima au utaikosa kabisa.

Sasa nije kwenye swali ambalo hukuuliza, na ambalo ndilo linaloamua mengi: ni nani anayebeba gharama za matibabu yenu? Baadhi ya waajiri hununua bima, wakalipa ada, na hasara ikawa ya kampuni ya bima. Wengine hulipia matibabu kwa fedha zao wenyewe na kuikodi kampuni ya bima ishughulikie makaratasi tu. Kadi yako haitakuambia kwa uhakika, kwa sababu nembo ileile ya kampuni kubwa ya bima hukaa juu yake katika hali zote mbili.

Tofauti yake ni hii. Sheria ya shirikisho ya 1993 haizibani serikali za majimbo, jambo ambalo Mahakama ya Juu ililiamua mwaka 1997, na Iowa tangu mwaka 2000 ina sheria yake inayotaka bima ya kikundi inayolipia dawa za kuandikiwa na daktari isizitenge dawa na vifaa vya kuzuia mimba. Ikiwa kiwanda chenu kimenunua bima, sheria hiyo inaigusa bima yenyewe, na malalamiko yako yanapelekwa kwa idara ya bima ya jimbo. Mwajiri anaweza kujitetea kwa sheria mpya ya uhuru wa dini ambayo Iowa iliipitisha mwaka 2024, lakini huo ni ubishani wenye pande mbili, haujafungwa na karatasi mliyogawiwa. Ikiwa kiwanda kinajilipia chenyewe, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 ya mafao ya wafanyakazi inaizuia sheria ya Iowa isikifikie, na unabaki na sheria za shirikisho peke yake.

Kwa hiyo andika barua, usiulize kwa mdomo, ukiomba nakala ya muhtasari wa mpango wa bima. Mwajiri ana siku 30 za kukupa, na akikaidi mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa kila siku ya kuchelewa. Tafuta ukurasa unaoeleza jinsi mafao yanavyogharamiwa: ukisoma kwamba yanalipwa kutoka fedha za jumla za mwajiri, umekwisha kupata jibu lako, yaani kiwanda kinajilipia chenyewe.

Kuhusu kufukuzwa, sheria hiyohiyo ya 1974 inakataza kumwadhibu mfanyakazi kwa kudai haki zake chini ya mpango, na sheria ya ubaguzi kazini, inayowahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi, kwa tafsiri ya tume ya serikali inayoisimamia, haimruhusu mwajiri kumfukuza mwanamke kwa kuwa anatumia uzazi wa mpango. Hifadhi nakala ya karatasi mliyogawiwa pamoja na tarehe uliyoipokea. Huna wajibu wa kumweleza afisa wa rasilimali watu unatumia njia gani. Barua yako iombe nyaraka tu. Na ikiwa ulikwisha kupanga na daktari wako kuwekewa kitanzi, muulize kama miadi inaweza kuwahi kabla ya Januari, maana kwa maelezo ya karatasi yenu bima bado inakilipia hadi mwaka utakapokwisha.