Njia ikatwe kabla ya shamba

*Shangazi, shikamoo. Nakuandikia kutoka wilaya ya Wete. Baba yetu alifariki mwaka jana, mama alimtangulia zamani. Tumebaki watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyeolewa Unguja. Shamba la baba ni eka nne za mikarafuu na minazi, alilinunua mwenyewe. Kaka atapata eka mbili za mbele, zilizo barabarani. Mimi na mdogo wangu tutapata eka moja moja za nyuma, na huko ndiko niliko na nyumba yangu. Njia ya kwangu inapita katikati ya sehemu ya kaka, hatua mia na ushei. Nilipomuuliza itakuwaje, alicheka: "Njia si ipo? Nani atakuzuia weye kupita kwa baba yako?" Sasa nasikia jirani wa upande wa kaskazini anataka kununua eka moja kwa kaka, ile ile yenye njia. Mume wangu ananihimiza nidai iandikwe. Mimi naona haya. Kaka ndiye aliyenisomesha skuli. Nikimwambia tuandikiane, si nimemwambia simuamini? Mpimaji anarudi Jumamosi.*
*Mwenye Haya, Pemba*

Marahaba mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu.

Haya yako naijua, kwa sababu na sisi kwetu ilituponza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba nyuma ya shamba la jamaa, na njia yake ilikuwa ya mdomo tu. Walioahidiana walikuwa wanapendana kweli, na mpaka yule jamaa anakufa hakuna aliyemvunjia mwenzake ahadi. Watoto wake wakauza. Mnunuzi akaja, akapanda ua wa mnyaa kutoka pembe hadi pembe, kisha akaondoka kwenda kwenye shughuli zake Dar. Bibi akawa anajipenyeza kwenye upenyo mdogo, kanga kichwani, akisema hana neno. Siku aliyofariki, sisi wanawake tulisimama mlango wa nyuma tukawaona wanaume wamebeba jeneza wamesita mbele ya ule mnyaa. Jeneza halipiti kwenye upenyo. Mmoja alishika panga, mwengine akamzuia: utakataje ua wa mtu naye hayupo? Wakateremka bondeni, kwenye mpunga, tope likiwafika kwenye magoti. Mjomba wangu aliteleza, jeneza likainama upande mmoja, nasi tukapiga kelele kwa pamoja. Miaka mingi imepita na bado ukelele ule nausikia.

Kwa hiyo sikwambii ukae kimya.

Sikiliza kwanza jambo ambalo kaka yako, kwa nia njema kabisa, hajalifikiria. Amesema hakuna wa kukuzuia kupita kwa baba yako. Ni kweli, ila tangu ulipokuwa mtoto hujawahi kupita hapo kwa haki ya njia. Ulikuwa ukipita kwenye ardhi ya mzee wako, kama unavyopita ukumbini kwenda jikoni. Siku mpimaji atakapopiga vigingi, ukumbi ule utakuwa wa mtu mwengine. Kuanzia hapo unapita kwa ruhusa, na ruhusa hukaa na aliyeitoa. Akiuza, akifa, au akikasirika, imekwisha. Haki iliyosajiliwa haifanyi hivyo. Inakaa na ardhi, na anayeinunua ananunua pamoja nayo.

Na jirani wa kaskazini usimfanye adui. Anataka kununua eka, na akioneshwa karatasi isiyo na njia atalipa bei ya ardhi isiyopitwa na njia ya mtu. Ukija wewe baadaye na gari ya ng'ombe kupita kwenye mihogo yake, yeye ndiye atakayejiona amedhulumiwa. Na atakuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu aliyemuuzia alimficha. Mwambie kaka hivyo hivyo: njia ikiandikwa, inamlinda yeye muuzaji kwanza.

Ama kuhusu kuaminiana, mwanangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Wanaoambiwa waandikiane pale ni walioamini. Basi kama Mola wetu hakuona kuwa kuandika ni kutukanana, mimi na wewe tusione hivyo.

Sasa njia yenyewe. Wengi hugawa shamba kwanza, vigingi vikishasimama ndipo huulizana mtu wa nyuma atapita wapi. Hapo kila hatua ya njia inakuwa inakatwa kwenye nyama ya mtu, na ugomvi ndipo unapoanzia. Nyinyi anzeni na njia. Ikateni kutoka kwenye shamba zima lingali la baba, halafu gaweni kilichobaki kwa mafungu yenu ya mirathi, nusu kwa kaka na robo robo kwenu. Kwa namna hiyo kila mmoja ameichangia kwa kadiri ya fungu lake, na kaka hawezi kusema kuwa amewabeba dada zake peke yake.

Upana? Hapa tuna hukumu ya zamani. Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, Mtume (S.A.W.) aliamua kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia, iwekwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, kama nusu mita hivi, kwa hiyo saba ni karibu mita tatu na nusu. Tazama inavyofaa: keri, ile gari ndogo ya mizigo, inapita, gari ya wagonjwa inapita, gari ya ng'ombe yenye mapolo ya karafuu inapita, na jeneza lenye watu kushoto na kulia linapita. Kaka akikwambia mita moja ya miguu inatosha, mwambie leo inatosha.

Ili asiogope, mpigie hesabu. Hatua zako mia na ushei tuziweke mita 90. Zidisha kwa tatu na nusu, unapata mita za mraba 315. Eka moja ni kama 4,047, eka nne ni zaidi ya 16,000. Njia yote haifiki hata sehemu mbili katika mia ya shamba, na nusu yake ndiyo inayomhusu yeye. Watu wanahasimiana miaka ishirini kwa ardhi ya namna hiyo, na inaniuma kila ninapoliona hilo.

Kisha iko mikarafuu. Kwetu Zanzibar mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na wewe mtu wa Pemba huna haja nikueleze. Tembea kwenye hiyo njia kabla ya Jumamosi, ukahesabu miti iliyosimama ndani ya zile dhiraa saba, na tawi lipi linavuka. Kila mti uandikwe ni wa nani, nani atauchuma, na ukianguka nani atapanda mwengine, au hapandi mtu. Mkarafuu mmoja unaozaa vizuri umeshawahi kuwatenga ndugu wa tumbo moja. Kama kuna mkarafuu mkubwa katikati, msiukate. Pindisheni njia. Njia iliyopinda haina aibu yoyote.

Andikeni pia njia ni ya nini, kwa sababu neno "kupita" peke yake halitoshi. Semeni ni ya miguu, mifugo na magari, na kwamba nguzo za umeme za ZECO na bomba la maji la ZAWA vinaweza kufuata ukingo wake. Usipolitaja hilo, utakuwa na njia na kibatari. Semeni hakuna atakayepanda kitu, kuanika karafuu wala kujenga juu yake, na hakuna atakayetia geti bila ya ridhaa ya wengine. Maji ya masika yanakimbilia wapi, na nani atafukia mashimo: nyinyi wa nyuma mnaoitumia zaidi, mkubali kubeba zaidi. Likubali hilo mwenyewe kabla hujaombwa.

Mtu anaweza kuiacha njia ndani ya fungu la kaka, nyinyi mkawa na haki ya kupita tu. Kisheria inawezekana. Lakini kwa kuwa kaka anataka kuuza, mimi napenda zaidi ichorwe kwenye ramani kama kipande chake peke yake, chenu wote watatu. Mnunuzi huweza asisome maneno, ila mstari kwenye ramani atauona.

Mwambieni mpimaji mapema, maana yeye hupima anachooneshwa. Makubaliano yaandikwe, mtie saini wote watatu mbele ya sheha na mashahidi, yaende pamoja na karatasi za mgawanyo wa mirathi, kisha yafike Kamisheni ya Ardhi ili njia iingie kwenye usajili. Karatasi ya sheha ni ushahidi mzuri, lakini usiishie hapo. Mdogo wako wa Unguja naye aje au atume wakala kwa maandishi. Hata akisema yeye hana haja na shamba, iko siku watoto wake watakuja kuuliza fungu la mama yao. Nasema haya kwa kuwa shamba alilinunua mzee. Msomaji mwengine ambaye lake ni eka tatu za Serikali, zile walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi, asikate wala asigawe kitu kabla ya kuuliza Kamisheni, kwani zile zina masharti yake.

Ikiwa kaka atakataa, nendeni kwa wazee wa ukoo, halafu kwa sheha. Mahakama ya Ardhi ipo kwa sheria ya mwaka 1994, na migogoro ya namna hii ndiyo kazi yake. Sidhani kama mtafika huko. Mtu aliyekusomesha hakusomesha ili uje kufungiwa nyuma ya ua.

Nenda kwake wewe mwenyewe, usimtume mume. Nenda baada ya Isha, mambo ya mchana yametulia. Usianze na jirani wala na karatasi. Anza hivi: "Kaka, wewe ndiye baba yetu sasa. Nataka siku mimi na wewe hatupo, wanangu na wanao wapite njia moja bila ya kuulizana. Twende asubuhi tukavute kamba, unioneshe wewe mwenyewe ipite wapi." Mpe yeye achague mahali. Wewe shikilia upana tu, na kuandikwa.

Na mkienda kuvuta hiyo kamba, chukueni mtoto mmoja wa kwake na mmoja wa kwako, wao ndio washike ncha zake.