Mtu akikwambia yanayomsibu usikimbilie ushauri

Mkuu umeuliza umwambie nini rafiki yako aliyeachwa na mke, maana kila ukimwambia ajikaze anazidi kukunyamazia. Mi nilifukuzwa kazi nikiwa na mtoto mchanga ndani, watu wakanijaza ushauri mpaka nikaacha kupokea simu, huyu anasema kila jambo lina sababu yake, yule anasema shukuru Mungu una afya, mwingine anaanza stori ya yeye alivyofukuzwa, muda si mrefu we ndo unampa pole yeye. Nia zao zilikuwa njema kabisa ila ukikata simu unabaki mpweke kuliko mwanzo.

Aliyenisaidia ni jamaa mmoja hana maneno mengi, aliniuliza tu "tuwaze cha kufanya au nikusikilize kwanza?" nikamwambia nisikilize, akasikiliza kweli, nikinyamaza na yeye ananyamaza, halafu akasema "kwa hiyo kinachokuuma zaidi sio hela, ni vile walivyokutoa mbele za watu", na ndo hapo mi mwenyewe nikagundua kumbe ni hicho. Baadaye nikasoma kwamba Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika hayo tangu 1957, kwamba mtu ili abadilike inabidi kuwe na mwenzie anayemwelewa kutokea pale alipo, na yeye mwenyewe aone kwamba ameeleweka.

Sasa huyo wako achana na habari za wanawake wapo wengi. Mwambie pole, naona hili limekuumiza sana, hebu niambie. Akilia mwache alie. Mke wake usimponde, wakirudiana utabaki wewe mbaya. Na ile "ukihitaji chochote niambie" mi naona inamwongezea kazi, mtu aliyechoka hajui hata aombe nini, bora useme "kesho nakuja na chakula tule wote".

Ila akianza kusema haoni sababu ya kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi wanaogopa kwamba utampa wazo, hapana, Shirika la Afya Duniani wenyewe wanasema kuuliza hakumsukumi mtu kufanya hivyo. Akikubali usimwache peke yake na usikubali kumtunzia hiyo siri, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na endelea kumtafuta hata baada ya miezi miwili mitatu, manake huko mbele ndo simu za watu zinakata kabisa na yeye bado hajapona.