Maswali ya wasomaji: Picha za miezi midogo ya Zohali

Swali: Machi 2017 chombo cha angani cha Cassini kilipita karibu na Pan, mwezi mdogo wa sayari ya Zohali. Mbona hata picha zake bora ni ndogo hivyo?

Jibu: "Karibu" hapo ni kilomita 24,572. Pikseli moja (nukta moja ya picha) ya kamera ya Cassini ya pembe nyembamba iliona pembe ya mikroradiani 6, yaani radiani 0.000006. Zidisha kwa umbali huo: mita 147 kwa pikseli. Pan una kipenyo cha wastani cha kilomita 28, hivyo unachukua pikseli kama 190 tu kwenye fremu ya 1,024 kwa 1,024. Ukiikuza picha mara nne hupati kitu kipya. Shimo la mita 50 halimo kwenye data.

Kazi ngumu ilikuwa kuupata mwezi wenyewe ndani ya fremu. Kwa umbali ule fremu nzima ina upana wa kilomita 150. Hesabu ya njia ikikosea kwa kilomita 130, unapiga picha ya weusi mtupu. Kwa hiyo kabla ya kukaribia, miezi ilipigwa picha kutoka mbali pamoja na nyota za nyuma ili njia zake zisahihishwe. Prometheus na Pandora, miezi mingine miwili ya Zohali, ndiyo misumbufu zaidi, maana huvutana hadi mahali pake hapatabiriki kwa muda mrefu.

Halafu kuna kuteleza. Tuseme mwezi unapita pembeni kwa kilomita 10 kwa sekunde: picha inahama pikseli 68 kila sekunde. Chombo kisipoufuata, muda wa kupokea mwanga ukizidi milisekunde 15 tayari picha inaburuzika. Ukiupunguza sana muda huo, picha inakuja na giza na chengachenga. Kamera za Cassini zilifungwa mwilini, kwa hiyo chombo kizima ndicho kilichogeuzwa kuufuata mwezi.

Swali: Nimeunganisha picha ghafi tatu, za kichujio chekundu, kijani na bluu. Kingo zina rangi za upinde wa mvua, na mwezi wote umekuwa wa kijani!

Jibu: Hayo ni matatizo mawili. Kingo zinatokana na mwendo: vichujio vilibadilishwa kimojakimoja, na katikati ya kubadilisha mwezi ulisogea, pengine hata ukaongezeka ukubwa. Sawazisha ukubwa kwanza, kisha linganisha mashimo ya katikati ya uso, si ukingo. Pete za Zohali zikiwepo nyuma hazitakubali kulingana pamoja na mwezi; zipangie tabaka lake.

Ukijani unatokana na faili za JPEG ulizotumia. Picha ghafi zilizowekwa haraka mtandaoni ziliongezewa utofauti wa mwanga kila moja peke yake, kwa hiyo uwiano wa rangi umeshapotea. Usihangaike kuurekebisha kwa jicho. Chukua faili za hifadhi ya data za sayari ya NASA. Kama data zilibanwa kutoka biti 12 hadi 8, zirudishe kwanza. Toa kiwango cha msingi cha kihisi (thamani kinachoitoa hata bila mwanga), gawa kwa muda wa kupokea mwanga ulioandikwa kwenye faili la maelezo, kisha sahihisha tofauti ya vichujio.

Swali: Vidoti vyeupe kando ya mwezi ni miezi mingine?

Jibu: Vingi ni miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kubwa kutoka angani, iliyogonga kihisi cha kamera. Tazama fremu inayofuata: kidoti cha mwale kimetoweka, nyota zimehama zote pamoja kwa kiasi kilekile. Kinachohama kivyake katika fremu tatu au zaidi ndicho cha kufuatilia.